Watu Ambao Neno Lao Hufuatwa

Mwezi wa Machi ukaribiapo kwisha, na mawingu ya masika yaanzapo kujikusanya juu ya nyanda za Uasin Gishu, maduka ya mbegu na mbolea mjini Eldoret hujaa watu tangu asubuhi. Msomaji amtazame mkulima mmoja tu katika mstari ule. Amesikiliza redio. Amesoma karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye picha ya muhindi mnene na maneno mengi ya sifa. Tena Bwana Shamba alikwisha kusema katika baraza la chifu ni mbegu zipi zifaazo mahali palipoinuka karibu futi 7,000 juu ya bahari. Mambo yote hayo mkulima huyu anayajua. Hata hivyo, anapokaribia meza ya mwenye duka, humgeukia mtu mzima aliyesimama nyuma yake na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, wewe mwaka huu unapanda ipi?" Mzee akiitaja, basi shauri limekwisha.

Jambo hili ni la kila siku, na kwa kuwa ni la kila siku watu hawalitilii maanani. Serikali hutumia fedha nyingi kuchapa vijitabu, na makampuni hutumia nyingi zaidi kununua nafasi katika magazeti na redio. Na kazi hiyo si bure, maana pasipo hiyo habari isingefika kamwe. Lakini kufika kwa habari ni jambo moja, na kukubaliwa kwake ni jambo jingine. Kati ya kusikia na kutenda yuko mtu. Mtu huyo hana mshahara kwa kazi hiyo, wala hajui kwamba anaifanya, na mara nyingi si yule ambaye mgeni angemdhania.

Eldoret, mji ambao wazee bado huuita Sisibo kwa sababu ya shamba namba 64 lililokuwa mahali pake, na ambao tangu Agosti 2024 umepewa cheo cha jiji, ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili. Katika mashamba ya pande hizi, kutoka hapa mpaka Kitale, kiasi cha kilomita 70, lilitokea zamani badiliko kubwa la kilimo ambalo habari zake zimeandikwa vizuri.

Katika miaka ya 1950, kituo cha utafiti cha Kitale kilianza kazi ya kutafuta mbegu bora ya mahindi kwa nchi za juu. Mahindi yaliyokwisha kuzoea Kenya yalichanganywa na mengine yaliyoletwa kutoka Ecuador, katika Amerika ya Kusini, na mwaka wa 1964 ikatolewa mbegu chotara iliyopewa jina la H611. Mavuno yake yalizidi yale ya mbegu bora iliyotangulia kwa karibu asilimia 40. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka wa 1956, hapo kwanza kwa ajili ya mbegu za majani ya malisho, ndiyo iliyopewa kazi ya kuizalisha na kuiuza.

Msomaji wa leo, aliyezaliwa katika nyumba ambamo kununua mbegu ni desturi kama kununua chumvi, huenda asione ugumu uliokuwapo. Mbegu chotara haifai kuwekwa kwa mwaka wa pili. Punje zilizovunwa zikipandwa tena, mavuno hupungua. Kwa hiyo mkulima aliambiwa jambo la ajabu. Yeye aliyezoea kuchagua mahindi mazuri katika ghala lake na kuyaning'iniza juu ya moshi wa jikoni mpaka mvua inyeshe, sasa aliambiwa ya kuwa mbegu zile za mama yake aziache, atoe fedha mfukoni kwa kitu ambacho tangu zamani hakikuwa na bei, na mwaka ujao atoe fedha tena. Mtu mwenye akili timamu angeweza kabisa kukataa, na wengi walikataa hapo mwanzo.

Hata hivyo mbegu ile ilienea upesi mno. Mchunguzi John Gerhart, katika kazi yake juu ya magharibi ya Kenya iliyotolewa mwaka wa 1975, alionyesha ya kuwa uenezi wake haukuwa wa polepole kuliko ule wa Marekani katika miaka ya 1930, bali ulikuwa sawa nao au hata kuushinda. Sababu zilikuwa nyingi. Mbegu yenyewe ilikuwa nzuri, na sifa haidumu pasipo kitu. Mashamba ya maonyesho yalilimwa pembeni mwa njia. Mbegu iliuzwa na wenye maduka madogo madogo vijijini, watu waliojulikana kwa majina, wenye kuuza pia sukari na mafuta ya taa. Tena ilikuwa miaka ambayo mashamba makubwa ya walowezi yalikuwa yakigawanywa, na watu waliotoka sehemu mbalimbali za nchi walijikuta wamekuwa jirani, kila mmoja akichungulia upande wa pili wa ua aone mwenziwe anafanya nini.

Huko Marekani jambo hili lilikuwa limekwisha kuhesabiwa kwa kalamu. Wachunguzi wawili, Bryce Ryan na Neal Gross, walitoa mwaka wa 1943 habari za wakulima 259 wa sehemu mbili za jimbo la Iowa. Kati ya mwaka wa 1928 na 1941 wote walikuwa wameikubali mbegu chotara, isipokuwa wawili tu. Walipoulizwa walizisikia wapi habari zake mara ya kwanza, wengi walimtaja mchuuzi wa mbegu aliyepita nyumba kwa nyumba. Walipoulizwa ni nini hasa kilichowafanya waamini, aliyetajwa zaidi alikuwa jirani. Na kati ya kusikia na kukubali, mkulima wa kawaida alikawia miaka kama tisa. Miaka tisa! Mchuuzi alikuwa amekwisha kusema yote aliyoweza kusema katika mwaka wa kwanza. Miaka minane iliyobaki ilikuwa ya majirani.

Je, jirani yupi? Hapa ndipo watu hukosea, kwa kuwa hudhani ya kuwa ni tajiri, au mwenye cheo, au mwenye sauti kubwa. Mwandishi Malcolm Gladwell, katika kitabu chake cha mwaka wa 2000 kiitwacho The Tipping Point, aliwagawa watu wanaoeneza mambo katika mafungu matatu: wenye kujua, wenye kujuana na watu wengi, na wenye kushawishi. Mgawanyo huo si mbaya, na mtu akaaye Eldoret anaweza kuwaonyesha wote watatu kwa kidole kabla jua halijatua. Upungufu wake utaonekana baadaye.

Mwenye kujua ni yule ambaye karibu kila kijiji anaye. Mara nyingi si tajiri. Nyumbani kwake yako mabunda ya mifuko mitupu ya mbegu ya miaka iliyopita, kwa sababu hawezi kuitupa. Na katika daftari la shule ameandika siku aliyopanda, siku ya mvua ya kwanza, na idadi ya magunia. Bwana Shamba akija, yeye humwuliza swali linalomtoa jasho. Hajifichi na elimu yake, na mtu akimwuliza kitu kimoja atapewa kumi. Hapo ndipo penye shida yake. Huanza na mbolea ya kupandia, huingia katika uchungu wa udongo, hurudi kwenye mvua ya mwaka wa 1984 iliyokosa kunyesha, na msikilizaji ambaye alitaka kujua tu nafasi kati ya shimo na shimo huanza kutazama njia ya kwao. Mtu kama huyu asipopata wa kumchukulia maneno yake, elimu yake hukaa pale pale katika daftari.

Akipata mwanafunzi aliye tayari, mambo huwa mengine. Katika nchi hii ya wakimbiaji mfano uko karibu. Patrick Sang alikwisha kupata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona mwaka wa 1992, akarudi nyumbani Nandi akiwa na maarifa ambayo wengi hawakuwa nayo. Kijana mmoja wa jirani alimwendea akaomba aandikiwe mazoezi. Akaandikiwa ya majuma machache. Alipoyamaliza akarudi kuomba mengine, na tena mengine. Kijana huyo alikuwa Eliud Kipchoge, ambaye mwaka wa 2003 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris, na ambaye tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Sang hakutangaza mahali popote kwamba anafundisha. Alikuwa anajua, na jirani walijua ya kuwa anajua.

Wa pili ni mtu wa watu, na huyu astahili kuelezwa kwa kirefu, maana kazi yake haionekani. Pengine ni mama mwenye kinu cha kusagia mahindi. Watu wafikapo na debe lao hawana budi kungoja, na wakingoja huzungumza. Yeye hasemi mengi, husikia. Asubuhi mke wa mwalimu amemwambia habari za dawa ya kupe, saa saba mfugaji kutoka upande wa mto analalamika kwa ajili ya kupe, basi mama huyu, huku akifuta unga mikononi, husema, "Mwone mume wa mwalimu, baba." Ameunganisha watu wawili ambao wasingekutana, naye amesahau jambo hilo kabla gunia la pili halijaisha kusagwa. Pengine ni utingo wa matatu itokayo Eldoret kwenda Turbo au Burnt Forest, anayejua ni duka gani limepata mbolea na ni lipi limekwisha kuuza yote. Pengine ni yule kijana akusanyaye maziwa alfajiri, apitaye kwenye maboma ishirini kabla ya chai. Watu hawa hualikwa katika harusi za pande zote, huenda mazishi ya madhehebu yasiyo yao, na wamo katika vyama vitatu vya akiba kwa wakati mmoja.

Nguvu yao haitokani na urafiki wa ndani, jambo ambalo huwashangaza wengi. Rafiki wa karibu hujua yale yale unayoyajua wewe, kwa sababu mnakaa pamoja na mnasikia kwa watu wale wale. Mark Granovetter, mtaalamu wa Marekani, aliandika mwaka wa 1973 juu ya watu wa mji mmoja karibu na Boston waliobadili kazi zao. Wale waliosikia habari za kazi hiyo kutoka kwa mtu, wengi waliambiwa na mtu ambaye huonana naye mara chache tu. Makarani wa Eldoret wanalijua jambo hili bila kusoma kitabu. Habari ya nafasi ya kazi katika ofisi ya kaunti haiji kutoka kwa ndugu mnayelala naye nyumba moja, huja kutoka kwa mtu mliyesoma naye darasa la nne, mkakutana kwa bahati mbele ya posta.

Wa tatu ni mshawishi. Mtu asiyemjua aende siku ya soko. Atamwona mtu amesimama juu ya kreti, amezungukwa na umati, akiuza dawa ya meno ambayo pia huponya miguu. Ucheshi wake hutangulia maneno, na kabla msikilizaji hajaamua lolote kichwa chake kimekwisha kuitikia mara tatu. Si haki kumdharau mtu wa namna hii. Vyama vingi vya ushirika visingepata wanachama wa kwanza kama asingekuwapo mtu mmoja mwenye kipawa cha kuwafanya wenziwe wacheke wakiwa na mashaka. Visima vimechimbwa na madarasa yamejengwa kwa harambee kwa sababu ya watu hawa. Lakini mshawishi anaweza kushawishi kitu chochote, na hapo ndipo tofauti yake na wengine.

Sasa kuhusu ule upungufu. Mafungu haya matatu yote ni ya watu wanaosema. Katika mashamba ya Uasin Gishu, anayeamua mara nyingi ni mtu asiyesema.

Huyu ni mwenye kukawia. Kila kijiji kinaye, na mara nyingi shamba lake liko kando ya njia, likionekana na kila apitaye kwenda kanisani au sokoni. Jambo jipya likija, yeye hutikisa kichwa na kusema, "Tutaona." Hakatai kwa ujinga. Ameona mengi yakija na kupita: alikwisha kupanda zao lililosifiwa likakosa soko, alikwisha kuingia katika chama ambacho mweka hazina wake alihama usiku. Ana ekari tatu au nne, na katika hizo hutoka chakula cha mwaka, karo ya shule na fedha za hospitali. Tajiri akijaribu mbegu mpya katika ekari kumi kati ya mia mbili, hasara yake ni hadithi ya kuchekesha watu jioni. Huyu akijaribu katika mbili kati ya tatu, hasara yake ni njaa ya mwezi wa Juni. Watu wanajua hesabu hiyo. Kwa hiyo mjuzi akipanda, husema, "Yule hupenda kujaribu." Tajiri akipanda, husema, "Yule anazo." Bali siku mwenye kukawia anapoonekana akishusha mfuko wa mbegu mpya katika mkokoteni wa punda, hakuna asemaye neno, na jumatatu inayofuata dukani hakubaki hata mfuko mmoja.

Ajabu ni kwamba hakufanya lolote ili afuatwe. Akiulizwa, atakana. Watu hawayafuati maneno yake kwa kuwa hana. Wanaifuata hatari aliyokubali kuichukua, iliyo sawa na yao. Kukataa kwake nako huenea vivyo hivyo. Mara nyingi maofisa wamelalamika kwamba kijiji fulani ni kizito, watu wake ni wakaidi, mafunzo hayaingii. Kumbe kijiji kizima kinamtazama mzee mmoja au mama mmoja mjane, na hakuna ofisa aliyewahi kuketi kwake kunywa chai, kwa kuwa jina lake liliandikwa zamani katika orodha ya wasiopenda maendeleo.

Iko historia ya jambo hili. Katika miaka ya 1980 Kenya iliingia katika mpango wa mafunzo na matembezi uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Shauri lake lilikuwa la akili: Bwana Shamba hawezi kumfikia kila mkulima, kwa hiyo achague wachache, awatembelee kwa ratiba, nao wawafundishe jirani zao. Lakini mtu hawezi kuteuliwa kuwa mwenye kufuatwa. Mahali pengi waliochaguliwa walikuwa wale wenye nafasi, wenye nyumba iliyo rahisi kufikiwa na gari, wenye kusema vizuri na wageni. Walijifunza, na mashamba yao yakapendeza. Jirani walitazama wakasema kwamba yule ni mtu wa ofisi. Tathmini ya Benki yenyewe iliyotolewa mwaka wa 2000 haikuusifu mpango huo kwa matunda yake nchini Kenya. Fedha zilitumika nyingi, na mama wa kinu cha kusagia hakuulizwa na mtu.

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya kupitisha wakati kama njia hizi zingepitisha mambo mema tu. Lakini njia haichagui mzigo. Kabla na wakati wa mwaka wa 2007, ile mipango ya fedha iitwayo piramidi iliingia nchini na kukuta njia zimekwisha kulimwa. Haikuenezwa na wageni. Ilienezwa na shemeji, na mwimbaji mwenzako katika kwaya, na karani wa meza ya pili ambaye mwezi uliopita alipata kweli fedha zake na faida juu yake. Yeye hakusema uongo, alisema aliyoyaona. Maelfu ya Wakenya walipoteza mabilioni ya shilingi, na wengi wa waliowaingiza walikuwa nao wamepoteza. Hapa hata mwenye kukawia hakuwa kinga, kwa sababu mpango wa namna hii humlipa mwanzoni ili aonekane akilipwa.

Tena uko mzigo mbaya kuliko fedha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Uasin Gishu ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoumizwa zaidi katika nchi. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa Kenya nzima. Katika siku zile uvumi ulikimbia kwa mdomo na kwa ujumbe mfupi wa simu, kutoka kwa mtu anayeaminiwa kwenda kwa mtu anayemwamini: wanakuja, wamekwisha kufika mahali fulani, fulani amekwisha kuuawa. Mengine yalikuwa kweli na mengine hayakuwa, na aliyeyapokea hakuwa na saa ya kutafuta tofauti. Watu wenye kujuana na wengi ndio waliokuwa na majina mengi zaidi katika simu zao. Wako pia waliopokea maneno hayo na kuyaacha yafie mikononi mwao, na wako waliowaficha jirani wa kabila jingine ndani ya nyumba zao. Habari za aliyenyamaza hazienei, na ndiyo maana majina ya hao hayajulikani nje ya vijiji vyao.

Mambo madogo yanafuata mwendo ule ule. Viwavijeshi vya kigeni vilipoingia katika mahindi ya Kenya mwaka wa 2017, dawa za mdomo zilitangulia dawa za dukani: majivu katika moyo wa mche, udongo, sabuni ya unga. Katika shamba dogo, kwa mwenye subira ya kupita mche kwa mche, baadhi ya mambo hayo yalisaidia kidogo. Lakini yalienezwa kwa wenye ekari ishirini kana kwamba ni kitu kile kile. Na mwaka wa 2024, ilipojulikana ya kuwa mbolea isiyofikia kiwango imeuzwa katika mpango wa ruzuku, swali la kwanza vijijini lilikuwa kuhusu nani amekwisha kuitia shambani, na mahindi yake yana rangi gani.

Simu imeleta mtu wa watu wa namna mpya. Zamani mwenye kujuana na watu mia tatu alikuwa mtu wa ajabu. Leo kijana mmoja katika mtaa wa Langas anaweza kupeleka sauti yake kwa makundi kumi kabla chai haijapoa. Wengi wao ni watu wazuri. Bei ya gunia sokoni hujulikana Moiben kwa dakika chache, na dalali hana tena nafasi ya kumdanganya mjane. Lakini shamba la mwenye kusema halionekani. Kinachosikika ni sauti, labda na picha ya mahindi mazuri, na mahindi hayo yanaweza kuwa ya mtu yeyote wa nchi yoyote. Msikilizaji hawezi kupita mbele ya ua. Pakiti ya mbegu yenyewe siku hizi ina alama ya kukwaruza, na namba iliyo chini yake hutumwa kwa simu ili mamlaka ya KEPHIS ijibu kama mbegu ni halali. Maneno ya makundi hayana alama kama hiyo.

Wakulima, pasipo kuelekezwa na mtu, wamebaki na desturi moja ya zamani ambayo wale wa Iowa nao walikuwa nayo. Walioandikwa na Ryan na Gross hawakuanza kwa kupanda shamba zima. Walianza na sehemu ndogo, wakaiongeza mwaka hadi mwaka. Pande za Ziwa na Kapseret mtu bado anaweza kuona pembe ya shamba, robo ekari hivi, ambayo mahindi yake yamepandwa kwa mbegu tofauti na mengine. Mwenyewe hakuweka kibao wala hakumwambia mtu. Mwezi wa Novemba, mavuno ya pembe ile yanapokatwa na kurundikwa peke yake, jirani hufika akiulizia ndama aliyepotea. Husimama muda mrefu, akizungumza habari za ndama, na macho yake yanahesabu magunia.